Kuchagua mashine ya kufyekea shamba la mlimani: tuliyoyapitia Mtambwe

Shamba aliloliacha marehemu baba liko Mtambwe, wilaya ya Wete, na kwa Pemba ni shamba kubwa: ekari kumi na nne kwa hesabu ya Ami, ambaye huamini minazi ya mipakani kuliko karatasi. Wengi kwetu walipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, na hizo tatu zimeshakatwa vipande kwa watoto na wajukuu. Letu lilikusanywa kidogo kidogo, hapa pa mirathi, pale pa kununua, mpaka likawa mlima mzima. Juu kuna mikarafuu mikongwe, ubavuni mikarafuu ya makamo na miche mipya, chini minazi, na mwisho kabisa ukanda wa majani unaopakana na bonde la mpunga. Mvua ikinyesha, nusu ya ardhi hiyo huipandi bila ya kushika mashina ya miti.

Tangu watu waanze kusikia mlio wa mashine kule juu, wenye mashamba wananisimamisha marikitini Wete kuniuliza wanunue ipi. Mimi nawauliza wao kwanza: shamba lako limelalaje, nani atakayeishika hiyo mashine, na fundi wako ni nani? Sisi maswali hayo yalitujia baada ya fedha kutoka.

Mtu wa karafuu haelezwi kwa nini tunafyeka. Asiyekuwa nazo ajue kwamba karafuu inachumwa kwa mkono, mchumaji yuko juu ya mti na upembo wake wa kuvutia matawi, na kila kinachoanguka kinaokotwa chini. Chini pakiwa na majani ya kiunoni, kilichoanguka kimekwenda. Karafuu mbichi kilo tatu hivi zikikauka ndiyo kilo moja, na kilo ya daraja la kwanza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, iliwahi kuinunua shilingi 14,000 misimu kadhaa mfululizo, kwa hiyo kinachomezwa na majani ni fedha. Tena mchumaji mwenye akili hapandi mti asioona chini yake pana nini; atakwenda kwa jirani aliyesafisha. Na kiangazi kikikaza, moto mmoja wa mtu anayechoma konde lake unatosha kuteketeza mikarafuu iliyopandwa na babu.

Enzi ya baba kazi hii ilikuwa ya vibarua wa panga na fyekeo. Wakija kikundi, wanapatana kwa ekari, wanakwenda mstari mmoja huku wakiimba. Mara ya mwisho tulilipa shilingi 70,000 kwa ekari palipofunga, pungufu kidogo palipokuwa pepesi. Bei tungeistahamili. Kilichotushinda ni kuwapata. Vijana wengi wameshakwenda Unguja, wengine Oman, na waliobaki wanatakiwa na mashamba yote kwa wakati mmoja, pale masika yanapokatika na vikonyo vinaanza kubadilika rangi. Mwaka uliotuzindua, wachumaji walifika na ubavu mzima wa kaskazini haujaguswa.

Familia yetu hukutana kwenye simu. Kaka yangu aliyeko Maskati alikuwa na jibu kabla sijamaliza kueleza shida. Huko anaona bustani zinakatwa kwa kitrekta cha kukaa juu, mtu kavaa kofia yake kashika usukani, uwanja mzima umekwisha kabla ya chai. Alituma picha, akatuma na bei, akasema nusu atatoa yeye. Anayetoa nusu ya fedha habishiwi kwa maneno matupu. Nikaazima pimamaji kwa fundi mwashi, nikachukua rula ya ubao ya mita moja kutoka skuli, nikapanda mlima na mpwa wangu.

Kipimo chenyewe ni chepesi, na kinafaa kwa yeyote anayefikiria mashine ya kukaa juu. Weka ncha moja ya rula juu ya ardhi upande wa mlimani. Ncha ya upande wa bondeni inyanyue mpaka pimamaji likwambie rula imelala sawa. Kisha pima kwa futi kutoka ncha hiyo mpaka chini. Ukipata sentimita 27, huo ni mteremko wa nyuzi 15. Vitabu vingi vya mashine za kukaa juu vinakataza kuzidi hapo, vyengine vinakataza hata kabla ya kufika, kwa sababu mashine hubiruka na dereva akawa chini yake. Kwenye minazi tulipata sentimita kumi, kumi na mbili. Kwenye mikarafuu tulipata arubaini, na mahali pengine hata pa kuiegemeza rula hapakuwepo.

Hata pale chini palipolala vizuri, kisu cha mashine zile kinapita vidole vichache juu ya ardhi na kinataka uwanja uliosawazishwa. Kwetu majani yamefunika visiki, makumbi, vifuu, na mashimo ya migomba iliyokufa zamani. Kisha kuna njia. Gari inaishia msikitini, na kutoka hapo ni njia ya miguu, au ya vespa siku kavu. Mashine ya kilo mia mbili ikizima juu huko, nani anaishusha? Nilimtumia kaka vipimo na picha. Akakaa kimya mpaka usiku, kisha akaandika: "Basi dada, nunueni mtakachoona kinafaa, nusu yangu ipo pale pale." Ami yeye alisema tu kwamba marehemu mlima ule alikuwa akiupanda kwa magoti, huyo wa usukani ataupanda kwa nini?

Wazo la trekta lilikuja baadaye, na dereva mmoja anayelima mabonde ya mpunga alikubali kuja kutazama. Nilimpenda kwa ukweli wake. Alizunguka, akaangalia matawi yaliyoinama, akanambia, "Mwalimu, hapa nitakufyekea majani na karafuu zako pamoja." Trekta lenye fyekeo la kufungwa nyuma ni chombo kizuri kwenye konde pana lililo wazi. Linataka nafasi ya kugeukia, na udongo uliolowa ukikanyagwa na uzito ule unagandamana juu ya mizizi. Mkarafuu mizizi yake ya kulia chakula iko juu juu. Haupendi kukanyagwa wala kukwaruzwa kwa jembe. Nikamlipa nauli yake, nikamshukuru.

Ile mashine ya kusukuma yenye magurudumu manne sina maneno mengi nayo. Ni ya uwanja wa hoteli.

Ikabaki mashine ya kubeba, yenye bomba refu, injini nyuma na kisu mbele. Hapa ndipo pana uchaguzi wenyewe, maana dukani zote zimetundikwa ukuta mmoja na kwa macho zinafanana.

Ya kwanza alituletea ndugu yetu wa Unguja, kaichukua Darajani kwa laki tatu na nusu. Boksi limeandikwa 52cc kwa herufi kubwa. Na ilifanya kazi, tusiidhulumu. Mwanzoni vijana waliishangilia, kila mtu anataka zamu. Kisha kamba ya kuwashia ikakatika. Plagi ikawa inalowa mafuta. Skrubu za mpini zikalegea kwa mtetemo mpaka moja ikapotelea majanini, na siku ile kazi ilisimama kwa skrubu ya shilingi mia tano. Mwisho kichwa cha gia kikapata moto, grisi ikayeyuka yote ikatoka. Muuzaji akasema hakuna dhamana.

Lakini fundi wa pikipiki wa Wete aliifungua na kuifunga bila ya kuuliza kitu. Mashine nyingi za bei ile zimeiga muundo mmoja wa injini, na kabureta, plagi na klachi zake zinapatikana kwa bei ndogo. Hilo si jambo dogo kisiwani. Mwenye ekari mbili tatu na fundi wa karibu, mimi simkatazi kuinunua. Akaze skrubu zote kila asubuhi kabla ya kuwasha, atie grisi kwenye gia kila baada ya saa ishirini na tano hivi za kazi, asiibane moto wa mwisho mfululizo. Ekari kumi na nne za mlima ndizo zilizokuwa nyingi kwake.

Ya pili tulikwenda kwa fundi kwanza, dukani baadaye. Nilimuuliza ni mashine zipi ameshazifungua, vipuri vya ipi anavipata kwa simu moja. Akatutajia mbili: Stihl FS 250 na Honda UMK435. Kwa anayetazama namba za boksi tu zote mbili zinaonekana ndogo kuliko ile ya Darajani, kwani Stihl hiyo injini yake ni 40.2cc na ya Honda 35.8cc. Kwenye majani habari ni nyengine kabisa. Namba ya cc haikwambii chuma ni cha namna gani wala kisu kitazunguka vipi kikikutana na kichaka, na namba iliyoandikwa kwenye boksi la bei rahisi si lazima iwe ndiyo iliyo ndani ya injini.

Tofauti kubwa ya hizo mbili ni mafuta. Honda ni ya mipigo minne: petroli kwake, oili kwake, kama gari. Stihl hiyo ni ya mipigo miwili, oili inachanganywa ndani ya petroli. Kwa shamba lenye vibarua wanaobadilika kila msimu ningechagua Honda nikalala usingizi, kwa sababu mashine za kuchanganya zinakufa kwa mikono ya mchanganyaji. Tuliichukua Stihl kwa uzito. Ni kilo 6.3 bila ya mafuta na kisu, na mpwa wangu, ambaye ndiye angeibeba mlimani kutwa, alizivaa zote mbili, akatembea nazo, akasema ile nyengine mabega yanaijua. Mwenye kubeba ndiye msemaji. Mimi mnunuzi ningeweza kukaa kivulini nikachagua vyovyote.

Mpaka inatua bandari ya Mkoani ilikuwa imekula milioni moja na laki saba na kitu. Ukisafirisha mashine iliyokwisha kutumika, tangi limwagwe na likaushwe kabisa. Petroli haipandi meli ya abiria, na harufu tu inatosha kukurudisha.

Kuchanganya mafuta kunataka chupa yenye alama za vipimo. Kwa oili ya Stihl yenyewe kipimo ni moja kwa hamsini, yaani petroli lita tano kwa oili mililita 100. Kwa oili nyengine ya mipigo miwili kampuni hiyo inasema moja kwa ishirini na tano, mililita 200 kwa lita tano zile zile. Oili ya injini ya gari haifai. Shambani nilikuta vijana wanapima kwa kifuniko cha chupa ya soda, kila mtu na kifuniko chake. Nikanunua dumu la lita tano, nikaliandika kwa wino mzito, na kuchanganya ikawa kazi ya mtu mmoja tu. Mchanganyiko usikae zaidi ya mwezi. Petroli ya chupa za barabarani, iliyopigwa jua kutwa na pengine kuongezwa kitu, ndiyo inayomlisha fundi wa kabureta. Tunachukua ya kituoni.

Mkanda watu wanaudharau. Mashine yenye mkanda wa bega moja inamwinamisha mtu upande, na kabla ya adhuhuri mgongo umeshasema. Nunua wa mabega mawili wenye kinga ya nyonga hata kama haukuja na mashine. Uufunge kiasi kwamba ukiachia mikono, kisu cha majani kinaning'inia kikigusa ardhi kidogo tu. Mikono iongoze, isibebe. Mpini wa mikono miwili iliyotanuka unafaa tambarare. Mlimani kwenye miti iliyosongamana ule wa kitanzi unageuka vizuri zaidi.

Kisha visu, na hapa ndipo palipotugharimu kuliko kabureta.

Uzi wa nailoni unavutia kwa kuwa hauogopi jiwe. Unafaa kingo za njia na majani laini. Kwenye mikarafuu michanga ni muuaji. Uzi unaozunguka kwa kasi ile ukigusa shina la mche unachubua ganda pande zote, na mche uliochubuliwa mduara kamili umekufa ingawa majani yake yatakaa kijani kwa muda. Miche yetu ya serikali, iliyogaiwa bure lakini tukaihudumia kwa maji ya kubeba kichwani, ilikauka mmoja mmoja, na vijana wakawa wanasema ni jua. Ami ndiye aliyeinama akatuonyesha pete nyeupe chini ya kila shina. Hata mti mkubwa usiuchezee, kwa sababu maradhi ya kukausha matawi ya mikarafuu hupata njia kwenye vidonda.

Sasa kabla mashine haijawashwa, mtu wa panga anapita kwanza. Kila mche anausafishia kisahani cha hatua moja kuuzunguka, kwa mkono, taratibu, na anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Mwenye mashine haingii ndani ya kisahani. Kazi hii wanaipenda kina mama wa kijijini kuliko wanaume, na wanaifanya vizuri zaidi, wala mashine haikuwaondolea riziki yao.

Kwa majani yenyewe tunatumia kisu cha chuma cha meno matatu. Kwenye vichaka vilivyokomaa na miti ya unene wa kidole gumba tunafunga diski ya msumeno. Kisu cha chuma kina tabia ya kurusha: ukigusa kisiki kwa ncha ya mbele upande wa kulia, mashine inakuruka kwa nguvu kuelekea upande wako wa kulia. Mwenye kuijua kasumba hiyo anakata kwa upande wa kushoto wa kisu, anafagia kutoka kulia kwenda kushoto, na majani yanaangukia palipokwisha kukatwa. Mlimani anakwenda kwa kukatiza ubavu, hashuki na mteremko.

Nimetaja vichaka, sijataja upupu. Kule chini karibu na bonde upupu umetanda juu ya mihina ya zamani, na kijana mmoja aliuingilia na uzi wa nailoni kiangazi, maganda yake yamekauka. Uzi uliyapiga, vinyweleo vikapanda hewani, upepo wa kaskazi ukavirudisha kwake. Alivua shati mbio mbio, akajipaka jivu, akajipaka matope, akaishia kukaa mtoni mpaka magharibi. Mwengine aliyekuwa mbali kabisa alijikuna siku ya pili yake. Upupu unakatwa mbichi, kabla haujazaa, kwa panga la mpini mrefu, siku isiyo na upepo, na mtu kajifunika mpaka shingoni. Mavu nayo: tembea kwanza na fimbo ndefu ukiyachokoa majani kabla ya kupeleka mlio pale. Mavu hawaupendi kabisa mlio ule.

Vifaa vya kinga vilituchukulia karibu laki moja na nusu: buti ngumu, kinga ya muundi, miwani na wavu wa uso, vizibo vya masikio. Vijana hawavipendi kwa sababu ya joto. Nikaweka sharti la pamoja, asiyevaa halipwi siku hiyo, na maneno yakaisha. Mashine inarusha. Kipande cha kifuu kilitoka majanini kikavunja taa ya vespa iliyosimamishwa mbali kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kufika. Vitabu vinasema mtu asiwe ndani ya mita 15. Shambani kwetu wanapita watoto wa kuokota embe na wanawake wa kuni, kwa hiyo siku ya kufyeka anasimama mtu njiani, na hilo nalo ni ujira wa mtu.

Fedha sasa, maana ndiyo inayoulizwa. Nilitarajia mashine ituokolee nyingi. Ekari moja ya majani ya kiunoni mlimani inachukua siku nzima na nusu ya pili yake. Ujira wa mwenye mashine elfu ishirini kwa siku, petroli lita tano hivi kwa siku kwa karibu elfu tatu lita: hapo ekari imeshafika elfu hamsini na kitu, bado oili, visu, mtu wa visahani na mtu wa njiani. Ukilinganisha na elfu sabini za panga, kilichobaki ni kidogo mno, na mashine itachukua miaka kujirudisha. Anayenunua kwa ajili ya kuokoa fedha tu akae aandike hesabu yake kwanza. Sisi kilichotufaa ni wakati. Sasa kufyeka kunaanza siku tunayotaka sisi, masika yakikatika tu, na wachumaji wanakuta chini peupe. Karafuu za kuokota, ambazo zamani tulikuwa tukizihesabu kama sadaka kwa majani, zinaingia kwenye jamvi.

Kuna na mzunguko wa pili, wa kiangazi, kwa ajili ya moto. Mwaka mmoja uliangukia Ramadhani. Vijana walianza mara baada ya sala ya alfajiri wakaacha saa tatu asubuhi, na nilikataa kabisa waendelee ingawa wenyewe walisema wanaweza. Mtu mwenye funga, injini nyuma na kisu mbele, saa sita ya mchana ya Februari, huo si mchezo.

Majirani walipoanza kuja kuazima, ilikuwa kipindi kigumu kuliko cha kuchagua mashine. Huwezi kumkatalia jirani Pemba. Lakini mashine iliyoazimwa inarudi na kisu butu na tangi lenye petroli tupu isiyo na oili. Ami ndiye aliyetafuta njia: mashine haiazimwi peke yake, inakwenda na mpwa wangu na dumu letu, jirani analipa siku yake na mafuta. Waliokasirika walikasirika kidogo, na sasa msimu ukifika wanapanga foleni. Pato la foleni hiyo ndilo linalonunua visu.

Kwenye minazi hatufyeki tena. Jirani mwenye ng'ombe alikuwa akihangaika na malisho, tukapatana awafunge kwetu, bila ya fedha kutoka upande wowote. Ng'ombe wanakula sehemu ile kwa zamu, na samadi inabaki. Masharti mawili tu: kamba ifungwe kwenye kigingi, kamwe isifungwe kwenye shina la mti kwa kuwa inasugua ganda, na wasipande kwenye miche. Mbuzi tuliwakataa. Mbuzi haoni tofauti ya magugu na mkarafuu wa mwaka mmoja, au anaiona vizuri sana.

Majani yaliyokatwa chini ya miti yanayokaribia kuchumwa tunayavuta kwa reki tukayalaza mistari baina ya miti. Ukiyaacha yametanda, karafuu zinapotelea ndani yake vile vile. Baada ya mavuno yanarudishwa kwenye miche kama matandazo, mbali kidogo na shina.

Msimu ukimalizika mashine inamwagwa mafuta, inawashwa mpaka izime yenyewe ili kabureta ikauke, chujio la hewa linasafishwa, visu vinapakwa mafuta kwa sababu ya hewa yetu ya chumvi, na inatundikwa. Isitundikwe ghala la karafuu. Karafuu ina harufu kali yake lakini inashika na ya wengine. Magunia yaliyolala na dumu la petroli unaweza kuyapeleka kituo cha kununulia karafuu ukarudi nayo. Yetu inalala kwenye banda la kuni, nyuma ya jiko la mama, na mama analalamika.

Kilichobaki hatujakimaliza ni ule ukanda wa chini unaopakana na mpunga. Umelala sawa, hauna miti, majani yake ni marefu na mazito, na mashine ya begani inachoka nao. Kaka ameanza tena kutuma picha kutoka Maskati, safari hii pawatila yenye kisu cha mbele cha kwenda na kurudi, ya kutembea nyuma yake. Nimechukua rula nikashuka: sentimita nne, tano. Udongo ndio unaonitia shaka, kwani mpaka Juni unazama kifundoni. Nimemwambia asubiri. Masika yakikatika nitashuka na mpwa wangu na fundi, tukanyage pale tuone ni wiki gani pana uwezo wa kubeba kilo mia na ushei, na kama wiki hiyo inakuja kabla ya wachumaji au baada yao.